Sanduku Lililongoja Treni

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa hasira za karibu, na uchaguzi wa kwanza wa nchi ulipokaribia aliutaka ugombea wa chama chetu kwa moyo wake wote. Hakuficha. Alikwisha kushonesha hata suti.

Viongozi wa tawi letu la Kamina walikuwa wamechaguliwa Jumapili moja baada ya misa, kila mtu akipanga mstari nyuma ya anayemtaka. Upuuzi mtupu! Nusu ya watu wa reli tulikuwa njiani, mimi nikitia makaa kwenye injini. Na aliyekuwapo, angewezaje kumpa mgongo baba mkwe wake mbele ya macho ya watu?

Mistari ilimfaa sana mzee, maana alikuwa ameozesha mabinti sita. Lakini ni yeye aliyesimama mkutanoni akadai mgombea apigiwe kura kwa siku tatu badala ya moja, ili kila zamu irudi, na sanduku nyuma ya pazia: harage kwake, punje ya mahindi kwa mpinzani wake, mwalimu wa shule. Watu walidhani amerukwa na akili.

Siku ya tatu, treni yetu kutoka Kaniama ilichelewa. Saa sita ya kufungua sanduku ikapita. Mke wangu aliyekuwapo alinisimulia jinsi watu walivyopiga kelele kura zihesabiwe, na baba yake akalikalia sanduku.

“Bale ba mu treni beko bantu ba chama, sawa na weye,” mzee alimfokea mmoja wao. “Tutabangoya.”

Tulifika saa tisa, watu tisa wenye masizi usoni. Niliingia nyuma ya pazia. Nilimpenda yule mzee, lakini mwalimu ndiye aliyetuandikia barua zetu kwa wakubwa wa reli. Nikatumbukiza punje ya mahindi.

Mahindi yalishinda kwa punje tatu. Mzee alihesabu mwenyewe, akarudia, kisha akampa mwalimu mkono.

Sikuweza kustahimili. Jioni ile nilikwenda kwake nikakaa kwenye ukingo wa benchi.

“Papa, minyi niliweka mahindi.”

Alikuwa anaikunja ile suti. Hakuinua macho.

“Bote ba reli beko na mwalimu,” alisema. “Nilijua tangu asubuhi, treni haiyafika bado.”