Sista, Toka kwa Huyo Mtoto

Nilipoanza kazi katika zahanati ya kanisa kule Kware, kompyuta zilikuwa tatu na faili ilikuwa moja. Faili hiyo ilikaa kwenye kompyuta ya mapokezi. Chumba cha sindano na chumba cha dawa viliifungua kupitia waya uliopitishwa juu ya mlango, na kila mtu aliandika humo humo. Aliyeitengeneza alikuwa ameshapata kazi kwingine, nami nikairithi pamoja na kiti chake. Wenzangu wakaniita injinia. Sikuwa injinia, lakini niliitika.

Walioshinda ndani ya ile faili hasa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa sista, muuguzi wa chumba cha sindano, mama wa makamo kutoka upande wa Busia, mpole lakini asiyependa kuharakishwa. Mwingine alikuwa dada wa mapokezi, mzaliwa wa Eastlands, ambaye sauti yake ilisikika hadi kwenye ngazi za ghorofa ya jirani. Kila mtoto wa kliniki alikuwa na mstari mmoja mrefu kwenye jedwali: jina lake, mama yake, simu, uzito na chanjo, vyote vikifuatana. Wawili hao wakiandika kwenye mstari mmoja kwa wakati mmoja, kompyuta ilileta ujumbe kwamba mtu mwingine ameubadilisha, kisha ikauliza maandishi ya nani yabaki.

"Sista, toka kwa huyo mtoi!" dada aliita kutoka mapokezi.

"Bado niko ndani yake, msichana wangu. Ngoja."

Akina mama kwenye benchi walicheka. Nilicheka nao, hadi siku alipokuja mama mmoja anayefanya kazi kiwandani, binti yake mgongoni. Skrini ilionyesha kwamba mtoto hakupata chanjo mara ya mwisho. Sista akaanza kuandaa sindano.

"Lakini alidungwa, sista," mama akasema. "Ni wewe ulimdunga."

"Hapa haiko, mama."

"Alilia sana. Halafu akakukojolea."

Sista akaiweka sindano chini taratibu. Akamtazama mtoto usoni, kisha akapasuka kicheko. "Ni huyu! Nilirudi nyumbani na sweta ya kuazima!" Akamshika mama mkono, akamwomba radhi, kisha akaniita.

"Injinia, huyu nilimwandika. Ameenda wapi?"

Nikawauliza wote wawili. Dada akakumbuka kwamba siku ya chanjo hiyo mama alikuwa amebadilisha namba ya simu, naye akairekebisha. Basi wote walikuwa kwenye mstari ule. Ujumbe ulipomtokea sista, foleni ilikuwa imefika mlangoni, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona, na maandishi yake yakatupwa. Sikuona wa kulaumu. Jedwali liliwalazimisha kuandika mahali pamoja mambo mawili tofauti kabisa.

Jumamosi tulifunga mchana, nikabaki. Kwanza nilinakili faili kwenye flashi, kwa sababu nilikuwa naogopa. Kisha nikajaribu kuifungua peke yangu ili niipange upya. Ikakataa: kuna mtu bado anaitumia. Jengo lote lilikuwa tupu. Chumba cha dawa, kimezimwa. Kwa sista, skrini nyeusi. Nikampigia simu, nikamkuta sokoni Muthurwa akinunua omena.

"Nilizima, injinia."

Nikainama chini ya meza yake. Taa ndogo ya kijani ya kompyuta ilikuwa inawaka. "Ulizima skrini, sista."

Akapaza sauti juu ya kelele za wachuuzi. "Kumbe hiyo siyo kompyuta yenyewe?"

Nilipomaliza kucheka niliizima kompyuta yake, nikaanza kazi. Habari za mtoto nikaziweka kwenye jedwali lake, na ziara za kliniki kwenye jedwali lingine, kila ziara mstari wake mpya, uliounganishwa na mtoto kwa namba yake. Majedwali yakabaki mapokezi. Kurasa za kujazia nikaziweka katika kila chumba, ili kila mtu awe na zake.

Jumatatu nilisimama kwenye korido nikiwatazama. Dada alikuwa anasahihisha jina la mtoto, na sista anaandika uzito wa mtoto huyo huyo. Ujumbe haukuja. Wote wawili walihifadhi, na nilipofungua majedwali, kila kitu kilikuwepo.

"Injinia, umefanya nini?" dada akauliza. "Leo kumetulia sana."

Sista alikuja baadaye na kikombe changu cha chai. Alitaka kujua kama majedwali hayo mapya yanaweza kumwonyesha watoto ambao tarehe zao zimepita na hawajarudi. Nikamwambia yanaweza, nikamtengenezea siku hiyo hiyo. Aliwapigia akina mama yeye mwenyewe, wengine kwa lugha ya nyumbani, akiwauliza habari za kina baba na za shule kabla ya kufika kwenye chanjo. Alhamisi benchi ilijaa, foleni ikatoka nje, na ikabidi tuazime viti vya kwaya.