Malale ya Fundi Swedi

Asubuhi moja Hamissi alifika ufukweni Rumonge kuitazama mashua yake, akamkuta fundi Swedi amelala ndani yake. Mashua ilikuwa haijafika nusu ya kuundwa, mbavu zote nje, na fundi alikuwa amejinyoosha katikati ya mbavu hizo, tezo lake la kuchongea mbao kifuani, mdomo wazi, akikoroma. Jua lilikuwa limeshapanda na ndagala, dagaa wa ziwa, waliokuwa wameanikwa mchangani walikuwa wameanza kukauka.

Asiya, binti wa fundi, alikuwa ameketi kando akichambua nyuzi za kuzibia nyufa za mbao. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake alikuwa amefariki miaka mitano nyuma, na tangu hapo kazi yake kubwa haikuwa kupika wala kuchota maji. Kazi yake ilikuwa kumtafutia baba udhuru, na aliijua kazi hiyo vizuri. Baba amekwenda Magara kutafuta mbao. Baba jino linamuuma. Baba amefunga sunna, hana nguvu. Safari moja alisema baba ameumwa na nyuki kwenye ulimi, ndiyo maana maneno yake yanavutika.

Ukweli ni kwamba fundi Swedi alikuwa akinywa tembo la michikichi tangu asubuhi, kila siku isipokuwa Ijumaa, na Ijumaa alianza baada ya swala.

"Asiya, baba yako ana nini?" Hamissi aliuliza. "Jino tena?"

Jino alikuwa ameshalitumia mara mbili mwezi ule. Magara haikufaa, kwa kuwa baba yuko hapa anaonekana. Asiya akafungua mdomo bila kujua atasema nini, na neno likatoka lenyewe.

"Ni malale, baba mdogo."

Miaka hiyo, nchi ikiwa chini ya Mdachi, ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia mwambao wote wa ziwa, tangu Kabonga hadi Muhuta na kupita. Mtu alianza kwa kusinzia mchana, mwisho akalala asiamke. Watu walikuwa wameamriwa kufyeka vichaka vya ufukweni vyenye mbung'o, na wapimaji walikuwa wakipita wakipapasa shingo za watu kutafuta vivimbe. Watu waliwaita washika shingo. Kwa hiyo Hamissi hakuuliza swali la pili. Alirudi nyuma hatua tatu.

"Maskini Swedi," alisema kwa sauti ya chini. "Mashua isubiri. Mashua ni kitu gani?"

Ulikuwa uongo mzuri kuliko wote aliowahi kuutunga. Jino hupona, mtu wa Magara hurudi, lakini malale haina mwisho. Jioni hiyo hiyo Kulthumu, mke wa Hamissi, alileta jogoo mzima aliyepikwa kwa mawese, akaweka chungu mlangoni na kuondoka akijifuta macho.

Fundi aliamka kwa sababu ya harufu.

"Kuku huyu ametoka wapi?"

"Ameletwa, baba. Wewe ni mgonjwa."

"Naumwa nini?"

"Malale."

Fundi alifikiri kidogo. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na mgonjwa wa malale anaruhusiwa kula paja?"

"Anaruhusiwa."

"Basi nimekwisha mimi," fundi alisema, akachukua paja.

Asiya alicheka hadi akajishika mbavu. Baba yake alikuwa mtu wa kuchekesha, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Alipomaliza kula alitoka kwenda kwa mgema, na Asiya akabaki na chungu kitupu, na kicheko kikamwisha.

Vyungu viliendelea kuletwa na majirani, na siku ya nne alifika Mwanahamisi. Huyu alikuwa Mzaramo, mjane wa askari, aliyekuja kutoka Pwani na mumewe na hakurudi tena. Alikuwa akikamua mawese. Fundi Swedi alikuwa Mnyamwezi, aliyefika ziwani akiwa mpagazi wa misafara. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zamani za misafara hiyo, na mtani anaweza kukuita punda mbele ya wakwe zako, na huruhusiwi kukasirika. Ukifa, yeye ndiye mwenye shughuli: atakuigiza, atawazuia waombolezaji njiani mpaka wampe haki yake, atawachekesha watu kaburini. Kwa hiyo Mwanahamisi alisikia mtani wake anakufa, akaja kuona kazi yake inaendeleaje.

Alianza kulia tangu njiani.

"Mnyamwezi wangu mimi! Umebeba pembe za watu mpaka kichwa kikabonyea hukufa, leo unauawa na usingizi?"

Fundi alikuwa amelala mkekani. Mwanahamisi aliinama kumpapasa shingo. Akanusa. Akanusa tena, akanyamaza. Kisha akaenda uani, alikokuwa Asiya akichambua maharage, akaketi karibu naye.

"Nimewapikia wagonjwa wa malale wawili, kambini kwa askari, mume wangu alipokuwa hai," alisema. "Hawakuwa na harufu hii."

Asiya aliendelea kuchambua.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, bibi."

"Na wewe unamwambia nani?"

"Simwambii mtu."

Mwanahamisi alichota maharage akaanza kuchambua naye. "Marehemu mume wangu alikuwa vivyo hivyo. Nilimficha kata ya kunywea. Nilimmwagia mtungi. Bwana mkubwa akiuliza, nasema ana homa. Nilidhani siku nikidanganya vizuri kabisa, ataacha."

"Akaacha?"

"Alipata nafasi ya kunywa vizuri kabisa."

Asiya alicheka, na katikati ya kicheko akajikuta analia, na hakujua ni kipi kilichotangulia kwisha.

"Labda ni mimi," alisema. "Mama alipokufa sikujua kupika. Nilikuwa naunguza ugali kila siku."

"Ulikuwa na miaka tisa! Mtu halewi kwa sababu ya ugali, mwanangu. Hukumnywesha wewe, na hutamzuia wewe. Mimi nilikuwa mke, nina nguvu za kupindua pipa la mawese, nilishindwa. Watoto wenzako wanacheza, wewe uko hapa unatunga magonjwa." Akasimama, akajipangusa. "Kuanzia leo mchana unakula kwangu. Sikukuuliza kama unataka."

Siku mbili zilipita, Asiya akila kwa Mwanahamisi mchana. Chakula chenyewe kilikuwa kile kile, ugali na samaki wa mukeke, lakini alikuwa akila bila kusikiliza nani anapita mlangoni. Halafu, Jumanne, akafika jumbe Idi, mzee mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi.

"Amahoro hapa! Mutoto, habari ya baba yako nimeipeleka mbele. Alhamisi washika shingo wanakuja na mtumbwi. Mufungie baba yako nguo, atapelekwa kambi ya wagonjwa wa malale."

Asiya aliinuka haraka. "Na kama hana vivimbe, mzee?"

"Anayelala mchana wanamuchukua vilevile, wamutazame huko miezi. Usilie. Kule iko dawa ya sindano."

Asiya alikuwa ameshasikia habari za sindano hiyo. Watu walisema wengine walirudi hawaoni. Fundi wa mashua asiyeona atafanya nini? Na ili kuufuta uongo ilikuwa lazima aseme hadharani kwamba baba yake, Mwislamu, fundi wa watu, ni mlevi. Akikaa kimya baba anachukuliwa, akisema anamvunjia heshima. Alikimbia hadi kwa Mwanahamisi, akamkuta anakoroga chikichi jikoni.

"Bibi, sema wewe! Wewe ni mtani wake. Ukisema wewe hakuna atakayekasirika."

"Ndiyo shida yenyewe," alijibu Mwanahamisi. "Kila siku nasema baba yako ana mkia. Nikisema ni mlevi, watu watacheka, na jumbe atampandisha mtumbwini akiwa bado anacheka. Neno la mtani halishikwi." Akaweka mwiko chini. "Mimi naweza kukukusanyia watu. Naweza kuwalainisha. Lakini neno lenyewe ni lako."

Asiya hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda akamwambia Mwanahamisi: "Wakusanye."

Jumatano alasiri, fundi akiwa amelala chini ya kibanda chake cha kazi, Mwanahamisi alikuja na wanawake watatu. Walimfunika shuka jeupe tangu miguuni hadi kidevuni, kisha wakapiga kilio cha msiba. Watu walitoka majumbani mbio. Hamissi alifika akihema, kofia mkononi. Jumbe Idi alifika amevaa kiatu kimoja.

Walimkuta Mwanahamisi anampima maiti kwa unyasi. "Shimo fupi linatosha!" alikuwa akilia. "Mizigo ilimfupisha! Nani ataniita mvivu tena? Nani atakula kuku za watu kama yeye?"

Wengine wakaanza kucheka, wengine wakatazamana. Utani huo hufanyiwa mtu aliyekufa, na shuka lilikuwa linapanda na kushuka.

"Mwanahamisi! Huyu hajakufa!" jumbe alisema.

"Si mmeshamzika? Mwaleta vyungu vya matanga kila siku, mimi mtani nikae nyumbani?"

Fundi alifumbua macho. Aliona watu wamejaa. "Nani amekufa?"

"Wewe," Mwanahamisi alimjibu.

"Tena?"

Hapo watu waliangua kicheko, hata jumbe. Fundi alijaribu kuinuka, akanaswa na shuka. "Mzaramo wee, toa unyasi wako puani mwangu!" Mwanahamisi akautoa. Kisha akanyamaza kabisa, akageuka kumtazama Asiya, na kwa kuwa yeye alinyamaza, wote wakanyamaza.

Asiya alisogea mbele. Sauti yake ilianza ndogo.

"Baba hana malale. Baba analewa. Analewa tembo kila siku. Mimi ndiye niliyesema malale, na jino nilisema mimi, na nyuki, na Magara. Asipelekwe kambini. Mimi sitasema uongo tena."

Kulthumu alikohoa.

"Mwanangu, la tembo tulilijua. Tunapita hapa kila siku, na pua tunazo."

"Mlijua?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Mbona hamkuniambia?"

Kulthumu alitazama miguu yake. "Tulikuona unavyohangaika kuficha. Tukaona haya kukufunua."

"Mngenifunua!" Asiya alipiga kelele, na alikuwa na hasira kweli, lakini kelele hiyo ilimshangaza mwenyewe, na Kulthumu akaja akamkumbatia.

"Lakini malale mimi niliiamini," Hamissi alisema kwa uchungu. "Yule alikuwa jogoo wangu wa pekee."

"Na mimi kesho niwaambie nini wale?" jumbe aliuliza.

"Waambie maiti amefufuka," alisema Mwanahamisi.

"Nitawaambia wamutazame wenyewe. Swedi, kesho asubuhi nikukute umesimama, macho wazi. Ukisinzia, mimi sina neno."

Fundi alikuwa bado ameketi ndani ya shuka. Hakumtazama jumbe. Alikuwa akimtazama binti yake.

"Ulisema nyuki?"

"Ndiyo, baba. Kwenye ulimi."

Fundi alicheka, akacheka sana, na ulipopita muda watu wakaona si kicheko tena, wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa adabu.

Alhamisi alisimama. Alikuwa ameoga na amevaa kanzu, na hakuwa ameonja tembo tangu jana yake. Mshika shingo alimpapasa kushoto na kulia.

"Huyu mzima. Mbona anatetemeka?"

"Iko na mtani mubaya," alisema jumbe.

Sitasema kwamba fundi Swedi aliacha tembo siku hiyo. Aliacha siku sita, akarudi. Akapunguza, akazidisha, akapunguza tena, na ilichukua miaka. Lakini Asiya alihamia kwa Mwanahamisi, nyumba ya nne kutoka kwa baba yake, akajifunza kukamua mawese, na kila siku alipita kumjulia baba hali kama mgeni anayependwa. Kulthumu alipokezana naye kumpelekea chakula. Bibi Asiya aliyasimulia haya mwenyewe alipokuwa mzee, na alipokaribia habari ya shuka alikuwa akianza kucheka kabla hajaifikia, wasikilizaji wakawa hawapati kitu.

Jambo alilopenda kulisimulia zaidi lilitokea miezi michache baadaye. Mchuuzi mmoja wa samaki alikuja kumuuliza fundi kuhusu mtumbwi wake uliopasuka. Asiya alikuwa uani kwa baba yake, akimfulia, na fundi alikuwa ndani. Mchuuzi akabisha hodi.

"Asiya!" fundi aliita kwa sauti nzito. "Mwambie naumwa!"

"Huumwi, baba."

"Basi mwambie nimelewa!"

"Mwambie mwenyewe!" Asiya alijibu, akaendelea kukamua nguo.

Mlango ulikawia. Kisha fundi alitoka, akashika kizingiti kwa mikono miwili, akakohoa.

"Ndugu yangu," alimwambia mchuuzi, "leo nimelewa. Njoo kesho mapema, utanikuta."

Mchuuzi alimshukuru, akasema atakuja alfajiri. Fundi alibaki mlangoni anamwangalia anavyokwenda.

"Ameniamini," alisema kwa mshangao.