Nilimshonea binti yangu gauni la msichana wa kitabuni, kipimo nikakitoa kichwani

Wakuu, salaam kutoka Juba. Leo sina siasa wala mpira. Nina gauni moja tu la kuwasimulia, na yote yamenitokea mwenyewe, kwa hiyo chumvi sina haja ya kuiongeza.

Mimi ni fundi wa sola, naishi Gumbo, ng'ambo ya daraja. Mke wangu na binti yetu Nyandeng wako Eldoret kwa sababu ya shule. Walioko hapa wanaelewa. Wengi ninaofanya nao kazi ni mababa wa kwenye simu kama mimi.

Nyandeng ni msomaji. Mwaka huu alikutana na riwaya ya msichana wa enzi za misafara ya pembe, mkalimani wa wapagazi, anayetembea kutoka pwani hadi maziwa makuu akitafsiri ugomvi wa watu wazima.

Kila nikipiga simu ni huyo msichana. Leo kamjibu mkuu wa msafara hivi, leo kavuka mto vile. Mwishowe nikampenda na mimi, sitaki kudanganya.

Basi shule ikatangaza siku ya vitabu. Kila mtoto avae kama mtu wa kitabu anachokipenda. Nyandeng akaniambia, "Baba, si ulisema zamani ulikuwa unashona?"

Ni kweli. Nililelewa Kakuma, na cherehani nilijifunza kambini kabla sijaingia kwenye mambo ya nyaya. Nikamwambia aniachie hiyo kazi.

Moyoni nilifurahi kupita kiasi. Kuwa baba wa kutuma ada tu kunachosha, wakuu. Hapa nilikuwa nimeombwa kitu cha mikono yangu.

Akanisomea nguo ilivyoelezwa: gauni refu la marekani linalofagia vumbi, mikono mpaka kwenye viganja, na juu yake kisibau cheusi kilichotariziwa. Marekani ni ile pamba nzito isiyopaushwa waliyovaa watu wa zamani. Nilizunguka sokoni mpaka nikapata kitambaa cha kufanana, nikakichovya kwenye maji ya majani ya chai kikachukua rangi ya vumbi.

Mashine nilimwomba Mama Sanyu, Mganda mwenye kibanda cha ushonaji Kator. Jumapili baada ya misa ananiachia cherehani, yeye anakaa pembeni kunichunga nisivunje sindano.

Siku ya kukata akaniuliza kipimo. Nikaweka kiganja hewani, chini kidogo ya kifua. "Ananifika hapa."

Mama Sanyu akanipiga kofi mkononi.

"Hapana onyesha mutoto hivyo. Hiyo ni ya mbuzi. Mutoto naonyesha na vidole ikiangalia juu, ndiyo aendelee kukua."

Nikageuza vidole huku nacheka.

"Lakini wewe napima hewa," akasema. "Piga simu kwa mama yake, achukue futi."

"Mtoto ni wangu. Namjua."

"Haya. Kalas, yameisha."

Wakuu, sikutaka kuuliza. Kumuuliza mke wangu urefu wa binti yangu niliona ni kukiri kwamba simjui. Mara ya mwisho kumkumbatia, miaka kadhaa nyuma, kichwa chake kilinifika pale chini ya kifua, na kila nikivuka daraja kurudi nyumbani namkumbuka hivyo hivyo. Nikaongeza vidole vinne vya kukua, nikajiona mwenye hekima.

Kisibau ndicho kilichonilia Jumapili nyingi. Nilikitarizi kwa mkono, uzi wa njano, maua ya milaya, yale mashuka ambayo mama zetu huyatarizi wakiwa wamekaa uani. Hata Mama Sanyu alikigeuza geuza bila kupata cha kukosoa.

Nikampa dereva wa basi ninayemwamini. Mzigo ukapita Nimule, Kampala, mpaka Eldoret.

Jumamosi mchana wakanipigia video call. Mama yake ndiye aliyeshika simu. Nyandeng akatokea, gauni limefika sakafuni kama kitabu kilivyosema. Nikashangilia peke yangu chumbani.

Lakini alikuwa anatembea kwa hatua fupi fupi, na mikono ameificha nyuma.

"Umeumia mguu?"

"Hapana, Baba."

"Sasa mbona unatembea hivyo? Simama wima nikuone."

Akamtazama mama yake kwanza. Kisha akanyoosha magoti.

Wakuu, yule mtoto aliinuka, akaendelea kuinuka, mpaka kichwa kikatoka kwenye picha na mama yake ikabidi arudi nyuma. Gauni likaishia kwenye magoti. Mikono ikaishia karibu na viwiko.

"Ananipita hata mimi sasa," mke wangu akasema taratibu.

Kwenye simu huwa naona uso tu, na uso haujabadilika sana. Kumbe huku chini mtoto anakwenda zake. Alikuwa amekunja magoti ili nguo yangu imtoshe.

"Iko sawa, Baba," akasema. "Huyu msichana alitembea muda mrefu. Na yeye alikua njiani."

Nikasema network inasumbua, nikakata. Network ilikuwa nzuri tu. Nililia.

Siku ya vitabu alilivaa, suruali nyeusi ndani. Mama yake alitaka kuliongezea kipande chini, Nyandeng akakataa lisiguswe.

Funzo langu ni lile lile la wahenga, kuuliza si ujinga. Mlio mbali na watoto wenu, ulizeni. Ulizeni urefu, ulizeni saizi ya viatu, msiogope kuonekana hamjui. Mapenzi ninayo tele, lakini hayakunipa kipimo.

Nimeomba likizo, bado sijajibiwa. Yule mdogo niliyemshonea namkumbuka kila siku, na huyu mrefu sijawahi kumkumbatia.

Mliowahi kuishi hivi, niambieni hapa chini: mtoto akikua bila wewe, siku ukifika mlangoni unaanzia wapi? Nawasoma.