Orodha Niliyoifuta Siku Tatu

Siku tatu nzima nilikaa mbele ya kompyuta chakavu nikifuta orodha ya wanaotumia ARV katika kliniki yetu, pembeni ya machimbo huku Geita. Kompyuta ilikuwa inapelekwa sekondari ya kata, wanafunzi wajifunzie. Katika orodha ile nami nimo. Hata mama mkwe, ninayekula naye sahani moja, hakuwa anajua.

Mganga mfawidhi alinishangaa. "Mama, si ulishafuta juzi?"

"Nilifuta jina la faili tu, daktari. Yaliyomo bado yapo. Haya ni marudio."

Hapo akanielewa. Huku nani asiyejua marudio? Mchanga umeoshwa, dhahabu imetoka, umetupwa; anakuja mwingine na dawa zake, anapata dhahabu tena. Yeye mwenyewe ana lundo lake nyuma ya nyumba.

Nikaweka programu ya kuandika sifuri juu ya kila kitu, mwanzo wa diski hadi mwisho. Umeme ukakatika. Nikaanza upya. Ukakatika tena, imebaki kidogo tu, nikalia kwa hasira. Siku ya tatu programu ikamaliza, nami nimechoka hata kusema sitaki.

Jioni nikampitia bibi muuza karanga. Nilipokunjua karatasi niliyofungiwa, nikaona alama za vema za kalamu nyekundu. Za mkono wangu. Kabla ya kufuta nilichapa orodha nzima, nikahakiki kwamba kila jina limehamia kompyuta mpya, kisha nikatupa karatasi kwenye boksi la kuchomwa. Karatasi safi, upande mmoja mweupe, nani angeichoma? Mjinga ni mimi.

"Nipe zote, bibi."

"Zote? Una wageni, mwanangu?"

"Wengi."

Nyumbani nikajifungia chumbani, nikakunjua moja moja, karanga zikajaa kitandani. Nikapanga kurasa kwa namba zake. Ukurasa wenye jina langu haukuwepo. Nikarudia kupanga. Haukuwepo.

"Unakula karanga peke yako?" mama mkwe akaita kutoka jikoni. "Nami nilinunua mchana."

Nikafungua mlango. "Karatasi yake iko wapi, mama?"

"Nimewashia moto." Nikasikia anapakua chakula. "Njoo ule. Dawa zako hizo hazitaki njaa."

Nikaenda, tukala.