Kidole cha Mwenye Bucha

Kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi, mwenye bucha alivua aproni yake ya damu, akanawa mpaka viwikoni, akaenda kanisani kuungama dhambi moja. Zingine alikuwa nazo, lakini hizo aliziona ni za kawaida, kama mafua. Hii moja ilikuwa ya kazini. Kila alipopima nyama, kidole gumba chake cha kushoto kilipumzika kwenye ukingo wa sahani ya mizani, kwa upole, kama kinachozuia sahani isiyumbe. Mshale ukifika kwenye kilo, kidole kinaondoka, na nyama inafungwa kwenye gazeti kabla mshale haujapata nafasi ya kujitetea. Kisha, ili mteja asitoke mnyonge, alimtupia kipande cha mfupa. "Na nyongeza hii hapa, watoto wakafyonze." Kwa hilo mtaa mzima ulimwita Nyongeza, naye alilivaa jina hilo kama nishani.

Padri mzee alikuwa mtu wa kuelewana naye. Alisikiliza amefumba macho, na kuna miaka ambayo pumzi zilizopita kwenye wavu wa kitubio zilikuwa za mtu aliyekwishafika mbali usingizini. Malipizi yalikuwa Salamu Maria tatu, na Nyongeza alizisali akitembea, ya tatu ikiishia mlangoni mwa bucha. Siku ya Krismasi alipanga foleni ya komunyo kifua mbele, nyuma ya mama yake. Na mama, bibi wa miaka themanini na ushei, kila mwaka aligeuka kumtazama kabla ya kufika mbele. Nyongeza alikipenda kitendo kile kuliko Misa yenyewe. Mama anajivunia mwanawe, alijiambia.

Lakini padri mzee alistaafu, akaletwa kijana ambaye Nyongeza angeweza kabisa kumzaa, na ambaye sasa ilimlazimu kumwita Baba.

"Dhambi hii uliiungama na mwaka jana?" kijana aliuliza kutoka upande wa pili wa wavu.

"Ndiyo, Baba."

"Na mwaka juzi?"

"Na mwaka juzi. Mimi si mtu wa kubadilika-badilika, Baba."

Kisha padri akasema, bila hasira, kama daktari anayesoma majibu ya vipimo, kwamba hawezi kumwondolea dhambi mtu anayeiacha mlangoni kama ndala ili aivae tena akitoka. Arudishe kwanza alichochukua, ndipo arudi. Nyongeza akauliza amrudishie nani, na nyama yote ilishaliwa na kusahauliwa. Padri akasema walioila si wapo, tena ndio hao hao wanaokuja kununua. Nyongeza akauliza, kwa kujaribu tu, itakuwaje siku zikimwishia kabla hajamaliza kurudisha.

"Basi Krismasi utabaki kwenye benchi," padri akasema, akamtakia Majilio mema.

Asiyejua kanisa hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Watu huinuka safu kwa safu kwenda kupokea komunyo, na anayebaki ameketi ni kama amepanda mnarani na kutangaza dhambi yake kwa kipaza sauti. Akilini Nyongeza alimwona mama yake akigeuka kama kawaida yake na kukuta hewa tupu.

Akarudi dukani akanoa visu vilivyokuwa vimenolewa. Akapanga ndoano upya, akazipangua. Nyumbani mkewe, mwanakwaya wa sauti ya pili, alimwuliza kama ana funza kwenye kiti, maana kila akikaa anainuka. Nyongeza alisema ni gesi. Usiku godoro lilikuwa na pembe. Kulipokucha alikuwa ameshakata shauri: atarudisha kimyakimya, gramu kwa gramu, bila kumweleza mtu. Wema wa siri, kama walivyofundishwa. Na aibu vilevile ya siri, jambo ambalo hakufundishwa na mtu, alijiongezea mwenyewe.

Jumatatu mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mwembamba mwenye miwani na maneno machache. Aliomba kilo moja. Nyongeza alificha mkono wa kushoto mfukoni, akapima kilo na robo, akafunga haraka kwa aibu. Mwalimu aliupokea mfuko, akauinua, akaushusha, akauinua tena. Akaondoka bila neno. Dakika ishirini baadaye alirudi, akaweka kipande cha nyama mezani na kusema hiki si chake, nyama zimechanganyika. Alikuwa amekwenda kupimisha kwenye bucha ya ng'ambo ya barabara.

Jumanne wateja kumi waliongezewa, na wateja kumi walitoka wakinusa mifuko yao. Jumatano fundi viatu wa jirani alimnong'oneza, kwa urafiki, kwamba kuna maneno mtaani: ng'ombe wa Nyongeza hakuchinjwa, alijifia mwenyewe, ni kibudu, ndiyo maana kinagawiwa kama mbolea. Nyongeza aliapa. Fundi viatu alisema yeye haamini maneno hayo hata kidogo, ila nyumbani kwake wiki hii wanakula maharage.

Alhamisi foleni ilihamia ng'ambo. Mapaja mawili yalining'inia kwenye ndoano kama wageni waliosahauliwa kituoni, na nzi ndio waliokuwa na imani naye. Nyongeza alizunguka gogo la kukatia, akatoka nje, akaingia, akatoka. Ndipo akaja mzee mmoja mstaafu wa posta, asiyesikia vizuri na hivyo asiyepata uvumi kwa wakati, akaomba nusu kilo. Na hapo, wallahi, kidole kilikwenda chenyewe. Kilitua ukingoni kama ndege aliyerudi kwenye kiota. Mzee aliupima mfuko kwa mkono, akashusha pumzi ya raha, akasema hii sasa ndiyo nyama anayoijua. Baada yake wakaja wengine wawili waliokuwa wakichungulia, wakapimiwa vivyo hivyo, wakaridhika vivyo hivyo.

Nyongeza akasimama ameduwaa. Njia ilikuwa nyeupe mbele yake: aibe kidogo, na heshima yake irudi kabla ya jua kuchwa. Kumbe watu walichokosa ni kuibiwa tu. Alicheka peke yake, kicheko kikaishia njiani, kwa sababu alilikumbuka lile benchi la kanisani. Akachukua kitambaa akakifunga kidole gumba na kile cha shahada pamoja, mpaka damu ikagoma kupita.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne, siku ambayo bucha yoyote duniani huwa na watu mpaka barabarani, kwake kulikuwa na kikundi kilichosimama mbali kidogo, kama watu wanaotazama nyumba iliyoungua. Mwalimu wa hesabu akajitenga nacho, akaja mpaka dirishani.

"Nyongeza, watu wamenituma. Ng'ombe huyu alichinjwa au alikufa?"

"Alichinjwa, Mwalimu. Muhuri wa mkaguzi huo hapo pajani."

"Muhuri nimeuona. Ninachouliza ni kilo yako kuwa kilo na robo. Mtu haamki tu siku moja akawa mwema. Kuna kitu."

Uongo ulimjia mdomoni kwa wingi, tena mzuri: ni zawadi ya sikukuu, ni mizani mbovu, ni nadhiri ya mke. Kila mmoja ungeuza nyama. Akayatazama mapaja, akautazama mkono wake uliofungwa kama wa mgonjwa.

"Nilikuwa nawaibia," akasema. "Narudisha."

"Sema kwa sauti. Huko nje hawasikii."

Akasema kwa sauti. Akaeleza na kidole, na sahani, na miaka. Kisha kutoka nyuma sauti ya mwanamke ikauliza, "Ni hilo tu?"

Wakacheka. Walicheka kama watu waliotolewa kamba shingoni, kwa sababu hofu yao ilikuwa kibudu, si wizi. Wizi walikuwa nao tangu zamani, wameuzoea kama kona ya barabara. Mwalimu alimweleza, kwa sauti ya darasani, kwamba ni gramu mia na ishirini kwa kilo, mia na hamsini ikiwa ni minofu, na kwamba aliwahi kulitungia swali la mtihani wa muhula. Mtaa mzima ulijua kuwa ukitaka kilo kwa Nyongeza unaomba kilo na nyongeza. Jina ndiko lilikotoka, si kwenye mifupa.

Nyongeza alishika ukingo wa meza. "Na mlikuwa mnakuja tu?"

"Mume wangu alipolazwa ulinipa maini kila Jumatano, miezi mitatu," Mwalimu alisema. "Hukuniambia kitu, hukunidai kitu. Mtu ana vidole kumi, Nyongeza. Sisi tulikuwa tunakuja kwa vile tisa."

Hakupata nafasi ya kulia, ingawa alitaka, maana watu walikwishaanza kudai haki zao. Mmoja alitaka fidia tangu mwaka wa harusi yake. Mwingine alimdai kwa niaba ya marehemu baba mkwe. Mzee wa posta, aliyekuwa amefikiwa na habari hatimaye, alitaka apewe yake ya Alhamisi palepale, na alipewa, na mkia juu yake. Nyongeza alikata, akapima, akaongeza, akatukanwa kwa furaha. Saa kumi na moja kasorobo ndoano zilikuwa tupu, naye alikuwa akikimbia kwenda kanisani na aproni na mabuti.

Foleni ya kitubio ilikuwa na watu kumi na wanane. Nyongeza alisimama mguu huu, akasimama ule. Watu waliingia na kutoka upesi, mpaka akaingia mama mmoja wa kamati ya usafi, aliyekaa humo nusu saa nzima. Waliokuwa kwenye foleni walikubaliana kuwa atakuwa amemaliza zake na sasa anaungama za majirani. Alipotoka, katekista akaja kusema Padri anakwenda kujiandaa kwa Misa ya mkesha, waliobaki wamwombe Mungu awape uzima. Mbele ya Nyongeza walikuwa wamebaki wawili.

Basi Krismasi ikafika, na Nyongeza akabaki kwenye benchi.

Mkewe alikuwa juu na kwaya, wakiimba amani duniani mpaka madirisha yanatetemeka. Mama aliinuka, akachukua fimbo yake, akapita. Safu nzima ikapita juu ya magoti yake, na kila mtu alijua sababu, na baadhi walimpiga begani kana kwamba amefiwa. Hakuwa peke yake. Benchi la kando alibaki mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na yule bwana akampa Nyongeza ishara ndogo ya kichwa, kama watu wawili wanaokutana kwenye zahanati ya magonjwa yale.

Kwa kuwa mbele yake hapakuwa na migongo, aliliona pango la Noeli kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtoto. Miaka yote alikuwa akiona kitambaa cha kichwa cha mama yake tu. Alianza na ng'ombe wa plasta, kikazi, akamkadiria: huyu akichunwa hatoi hata kilo mia. Halafu macho yakashuka kwa Mtoto, aliyelazwa kwenye chombo cha kulishia mifugo. Ikamjia, bila kuialika, kwamba huyu naye alikuja kwenye harufu ya ng'ombe akijua vizuri sana atawakuta watu wa namna gani. Hakusubiri mizani irekebishwe kwanza. Wazo hilo halikumpa utulivu hata kidogo. Alijiona kama aliyekalia siafu. Angeweza kuvumilia Mungu anayemngoja mlangoni na hesabu. Huyu aliyekwishaingia dukani na kupanga foleni, kwa kilo pungufu, alimfanya atake kuinuka na kukimbia, na asijue akimbilie upande gani.

Mama alirudi. Hakugeuka njiani, Nyongeza alikuwa ameangalia. Alipiga magoti, akasali sala yake ndefu, akaketi.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikaa dukani kwako siku moja tu, mwaka wa kwanza," mama akanong'ona. "Mkono huo niliuogesha mimi. Nitashindwa kuujua ukidanganya? Kila Krismasi nageuka, naomba safari hii uone aibu ubaki. Unakuja tu, kifua mbele. Mate yananikauka hata kupokea siwezi." Akatengeneza mtandio wake. "Leo nimepokea vizuri."

Misa ilipokwisha watu walimiminika nje kusalimiana, na kule nje kulikuwa na vicheko, na jina lake lilikuwa ndani ya vicheko hivyo. Nyongeza alikwenda kinyume nao, akipishana na watoto wenye nguo mpya, mpaka sakristia, chumba cha kuvalia nyuma ya altare. Padri kijana alikuwa amevua mavazi ya ibada, amebaki na kanzu, anakunywa maji, na uso wake ulionyesha kuwa amesoma Misa tatu kwa tumbo moja tupu.

"Baba, nimerudisha. Nataka kuungama."

"Nimesikia," padri akasema. "Mtaa mzima umenisimulia, kabla hata ya wewe kuniambia. Ungama Jumamosi, mzee wangu. Leo ni sikukuu, nenda ukale na mama."

Nyongeza hakuondoka. Alihamisha uzito wa mwili kutoka mguu hadi mguu.

"Leo duka limefungwa, Baba," akasema. "Kesho nafungua, na kidole changu nakijua."

Padri akaiweka glasi mezani, akaichukua stola yake ya kuungamishia kwenye msumari, akavuta kiti kati ya maboksi ya mishumaa.