Nyota Zilipitia Moba

Yaya yangu, kaka yangu mukubwa, alikuwa mwalimu wa fizika hapa Kalemie, na alitaka kazi moja tu: uchunguzi kwenye chuo kikuu cha Ulaya, mahali wanaposikiliza nyota kwa antena kubwa. Nyota zenyewe zinaitwa pulsa. Mimi shule niliiacha mapema, lakini nadhani nyota hizo nilizipenda kumushinda. Alinisimulia habari za pulsa tukiosha sahani.

Profesa wake wa zamani, huko Lubumbashi, ndiye angechagua mutu wa kupeleka. Simu zilikuwa zimekufa, basi mutihani ukafanyika kwa fonie ya misioni, ile redio ya kusemezana. Unafinya kifungo unasema, ukimaliza unasema "nakuachia" na kukiachia kweli, ndipo mwenzako anaweza kujibu. Mama alivaa kitenge kipya, akakaa kwenye benchi pamoja na watu waliongoja kuuliza habari za wagonjwa na mizigo. Fonie haina siri, wote wanasikiliza.

Lubumbashi ikaja makelele matupu. Ikiwa hivyo, kituo kinachosikia pande zote mbili kinabeba maneno. Mama wa fonie ya Moba, mji ulio katikati, akaingia:

"Kalemie, Papa Profesa anauliza: pulsa ni kitu gani? Nakuachia."

Yaya akamwaga Kifaransa chake cha chuo, kirefu kweli. Alipoachia, Moba akasema:

"Mwalimu weye, yote hayo nitayabebea wapi? Sema Kiswahili, tena kidogo kidogo. Nakuachia."

Nilimuona usoni: kazi imeenda. Akatuangalia, akaanza upya.

"Ni nyota iliyokufa. Ndogo, nzito sana, inazunguka. Kama muvuvi anayezunguka na taa ndani ya mutumbwi: taa ikielekea kwako unaiona, ikigeuka, giza. Nakuachia."

"Ile nimeiona," Moba akasema. Tukamusikia akiipeleka mbele polepole, halafu akaongeza yake: "Tena mwalimu huyu ana adabu, na hajaoa."

Benchi zima likacheka.

"Nani alimuuliza mambo ya ndoa?" mama yetu akanung'unika.

Swali la pili likafika: makelele yakizidi, pigo la nyota utalipata namna gani?

"Jirani akitwanga majani ya sombe saa ya soko, pigo moja hulisikii," yaya akasema. "Lakini linarudi kwa kipimo kile kile cha wakati. Mimi nakata makelele vipande vya kipimo hicho, napanga kimoja juu ya kingine. Makelele yanamezana, pigo linakomaa. Nakuachia."

Moba akabeba. Tukangoja. Mama alikuwa amekamata mukono wangu mpaka unauma.

"Kalemie, Papa Profesa anasema amesikia vizuri sana. Anasema ni weye utakwenda. Jitayarishe. Nakuachia."

Yaya akafinya kifungo ajibu. Vigelegele vya benchi viliingia vyote. Akabaki amekifinya, analia, na hakuna aliyeweza kumujibu. Ikabidi nimufungue vidole.

"Haya," Moba akasema, "hata fonie ya Manono imesikia. Sasa mumupatie mama yake."

Mama akakamata chombo cha kusemea kwa mikono miwili, akakisogeza mudomoni.

"Na huko Ulaya, mutoto wangu atakula nini?"

Hakuwa amefinya. Nikamufinyia kifungo, nikamuomba arudilie.