Povu Ukweni Junju

Jamani, jambo hili ningelificha hadi kaburini lau si kwamba kijiji kizima cha Junju kinalijua, kwa hivyo afadhali mlisikie kwangu mimi niliyetokwa na povu kuliko kulisikia sokoni likiwa limeshaota pembe na mkia.

Mimi nina presha. Vidonge vya kliniki nameza kila siku bila kukosa, lakini jirani yangu hapa Muyeye, Malindi, Mama Riziki, akaniletea na vingine vya kuongezea, vya madini ya magnesiamu (ati yanalegeza mishipa), vikubwa kama sarafu, rangi ya chungwa, unatumbukiza kimoja kwenye bilauri ya maji kinachemka shwaa, kikitulia unakunywa. Vitamu kama soda! Nikavipenda.

Sasa siku hiyo tulikwenda Junju kumposea Athumani, mtoto wa kaka yangu. Mamake ni mtu wa haya, hasemi mbele za watu, basi upande wa wanawake msemaji nikawa mimi shangazi mtu. Kwa pirika za kujipamba asubuhi nikasahau kunywa kile kidonge, nikatia kikopo chake mkobani tukaondoka. Tulipofika wanaume wakabaki barazani, sisi tukaingizwa ndani, tukaketi mkekani, na hapo moyo ukaanza kunienda mbio, nikajiambia hii ni presha (kumbe woga tu).

Ningeomba maji. Lakini kuomba maji ya dawa ukweni siku ya posa ni kujitangaza mgonjwa, na wenye binti hawachunguzi kitu kama wanavyochunguza maradhi ya ukoo. Juisi ya ukwaju ilikuwa mbele yangu, lakini mgeni akionekana anatumbukiza kitu kwenye kinywaji cha wenyeji, itasemwaje? Basi nikafikiri (na hapa ndipo akili yangu ilipopanda tuktuk ikarudi Malindi ikaniacha): mate nayo si maji? Nikajiziba leso kama anayetaka kupiga chafya, nikachomoa kidonge kimoja kikoponi, nikakitia chote mdomoni.

Saa hiyo hiyo mama wa binti akanigeukia.

"Haya, shangazi mtu, tusifichane. Huko kwenu kuna maradhi yoyote ya ukoo?"

Mashavu yamenijaa kama chura. Nikatikisa kichwa.

"La, twataka kusikia kwa kinywa chako."

Nikafumbua kinywa.

Wallahi, lilitoka povu kama maziwa yaliyosahauliwa motoni, likapita kidevuni, likateremka kwenye dera langu jipya, na jingine likaona njia ya puani.

"Kifafa!" mmoja akapiga ukelele. "Msiguse povu, laambukiza!" (Si kweli, na kifafa ni maradhi kama mengine, lakini nani angewaeleza?) Wakakimbilia mlango mmoja wote kwa pamoja, wakakwama. Aliyebaki ni bibi yake yule binti, ajuza hasa, akanisogelea bila hofu, akavua ndara yake akanibandika puani ninuse. Nami nikajitahidi kusema, "Ni dawa ya maji!" ikatoka, "Mbwa-bwa-bwaji!"

"Nyamazeni!" bibi akaamrisha. "Pepo anasema. Anataka kuku mweupe."

Na mama wa binti akarudi na kuku! Sijui walimkamata wapi upesi vile. Akazungushwa kichwani mwangu, unyoya ukaniingia puani, nikapiga chafya moja ya haja, na povu lote lililobaki likamtua mama wa binti usoni. Zile kelele zikawaleta wanaume, nikamwona Athumani mlangoni kajishika kichwa, machozi yanamlengalenga: "Shangazi, si leo, jamani, si leo!"

Aliyeniokoa ni mposwa mwenyewe, Mwanaidi, ambaye alitakiwa ajifiche chumbani asionekane. Alitoka mbio na leso yake kichwani, akakiona kikopo kimebingirika mkekani, akakisoma, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Bibi, muache! Si pepo. Ni vidonge vya kutia kwenye maji!"

Akaleta bilauri, akatumbukiza kimoja mbele ya wote, kikachemka shwaa. Bibi akaikazia macho ile bilauri.

"Basi na hiyo nayo imepandwa," akasema.

Mama wa binti, bado anajifuta uso, akaniuliza polepole, "Kwani mwenzangu, una presha?" Nikakiri, sina pa kujificha tena. Akatazama mlangoni kuona kama mumewe yuko mbali, akaninong'oneza, "Hata mimi. Vyangu navificha kwenye sidiria." Tukaangua kicheko sisi wawili, tumekaa chini kwenye povu, na posa ikapita (ingawa Athumani hakunisemesha njia nzima mpaka Malindi).

Nilipokwenda kliniki nikamsimulia daktari. Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla, akaniambia vidonge vingi vya kuchemka namna ile vina sodiamu, yaani ile ile ya kwenye chumvi, nami chumvi nimekatazwa hata ya mchuzini! Fedheha yote ile, kumbe nilikuwa nikijilisha nilichokatazwa.

"Mama," akasema, "ukiletewa kitu, kilete hapa kwanza tukitazame."

Basi nimekoma. Kitu cha kuongezea hakipiti tena mdomoni mwangu kabla daktari hajakiona, na siku hizi mtu akitaka kuniuliza habari za maradhi, hata hajamaliza swali namjibu kwa sauti, tena ukweni: "Nina presha, niletee maji."